Taa ya injini ni homa, haijataja ugonjwa

Ukipita kando ya gereji ya mji mdogo ukasikia mafundi wanabishana kuhusu sensa na kodi, usidhani umeingilia kikao cha serikali ya kijiji. Sensa ya hapo haihesabu watu, na kodi yenyewe haiendi TRA. Sensa ni kile kidude kilichochomekwa kwenye injini kupima joto, hewa au mzunguko. Kodi ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari, mafundi wanaiita kontroli boksi, huiweka kwenye kumbukumbu yake pale inapopokea habari isiyoiamini, kisha inawasha ile taa ya njano yenye picha ya injini kwenye dashibodi. Maneno yamekuja juzi, mabishano ni yale yale ya tangu enzi za kabureta: gari linaumwa nini, na gharama ya kubahatisha anailipa nani?

Katika sehemu kama Mkula, wilayani Busega mkoani Simiyu, swali hilo si la starehe. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012, na tangu barabara ya Lamadi hadi Bariadi, kilomita zipatazo 72, iwekewe lami, gari dogo limekuwa mguu wa kila mtu. Kanda ya Ziwa magari hayo ya abiria yana jina lake, michomoko, na mengi ni Noah za zamani, Probox, Corolla 110, Carina Ti na ndugu zao. Yanapeleka wagonjwa hospitali ya AIC Mkula, yanarudisha walimu kituoni, yanabeba kuku na magunia siku za mnada. Karibu yote yalitengenezwa Japani kwa ajili ya Wajapani, mengi kati ya mwaka 1995 na 2005. Kenya inakataa gari lililozidi miaka minane lisiingie nchini; Tanzania inalipokea kwa kulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Matokeo yake ni kwamba gari ambalo Nairobi lisingeruhusiwa kutia mguu, Busega ndilo tegemeo la familia, na sensa zake zina umri wa kumaliza chuo kikuu.

Umri huo umeyaweka magari haya kwenye pengo la historia. Jimbo la California lililazimisha magari yaanze kujipima yenyewe kuanzia modeli za 1988. Kisha Marekani nzima ikapitisha utaratibu mmoja, OBD-II, kwa modeli za 1996: soketi ya umbo moja yenye pini 16, namba za injini zinazoanza na herufi P, na lugha ambayo kifaa cha mtu yeyote kinaweza kuisoma. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani haikuwa na lazima hiyo kwa magari ya soko lake la ndani katika miaka ya tisini, na Toyota ilikuwa na lahaja yake ya nyumbani. Kwa hiyo Carina Ti iliyotoka kiwandani mwaka 1998 inaweza kuwa na soketi ya pini 16 chini ya usukani, imefanana na ya Marekani kama pacha, na bado isijibu neno inapochomekewa kile kifaa cha bluetooth kinachouzwa kila duka la spea. Simu inaandika kwamba hakuna mawasiliano, na mwenye gari anaambiwa kontroli boksi imekufa. Haijakufa. Imesemeshwa Kiingereza na yenyewe inajua Kijapani.

Kuisemesha kwa lugha yake hakuhitaji mashine. Toyota nyingi za enzi hiyo zina kiboksi cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko, na ndani ya mfuniko kuna mchoro unaotaja matundu yake. Fundi anatafuta TE1 na E1, anayaunganisha kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha injini, anatazama taa. Betri iwe na angalau volti 11, gia iwe huru, mguu uwe mbali na pedali ya mafuta, AC iwe imezimwa. Taa ikipepesa mfululizo kwa mapigo yaliyo sawa, mara mbili kila sekunde, kumbukumbu haina hitilafu. Ikipepesa mara mbili, ikatulia sekunde moja na nusu, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22. Zikiwa namba nyingi hutolewa kwa mpangilio, ndogo kwanza, kisha mzunguko unaanza upya. Kwenye zile zenye soketi ya pini 16, kazi hiyohiyo inafanywa na pini ya 13 na ya 4, na hapo mkono usitetemeke, maana pini ya 16 ina umeme wa betri saa zote. Usomaji wote haufiki dakika tatu. Tatizo la gereji zetu halijawahi kuwa ugumu wa kuisoma namba. Tatizo ni kile kinachofanyika sekunde moja baada ya namba kusomwa: mtu anatumwa dukani.

Namba 22 kwenye orodha ya Toyota inahusu sensa ya joto la maji. Neno "inahusu" ndilo lililobeba kila kitu. Kontroli boksi haina jicho la kuiona sensa. Inachofanya ni kupeleka umeme wa volti 5 kwenye waya mmoja. Umeme huo unapita ndani ya sensa na kurudi kwa waya wa pili unaokwenda erthi. Ndani ya sensa kuna kitu ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda: kwenye nyuzi 20 unakuwa kati ya omu 2,000 na 3,000, na maji yakifika nyuzi 80 unashuka hadi kati ya 200 na 400. Kompyuta inatazama volti iliyobaki kwenye waya na kukisia joto kutokana nayo. Waya ukikatika, volti inabaki 5, jambo ambalo kwa hesabu ya kompyuta lina maana kwamba maji yana baridi isiyowezekana duniani. Waya ukigusana na erthi, volti inakuwa sifuri, na maji yamekuwa moto usiowezekana. Katika hali zote mbili inaandika 22. Tafsiri ya uaminifu ya namba hiyo ni hii: "Volti niliyoipata kwenye waya huu siiamini." Aliyesababisha anaweza kuwa sensa, anaweza kuwa kutu ya kijani kwenye meno ya soketi, waya uliokauka kwa joto la miaka 25 ukavunjika ndani ya ganda lake bila kuonekana, panya aliyelala juu ya injini, erthi iliyolegea siku gia boksi iliposhushwa, au fundi wa king'ora aliyeunga waya asioujua.

Washukiwa wamekuwa sita, na duka la spea linauza mmoja tu. Mita ya umeme ya kawaida inawatenganisha kwa haraka. Chomoa soketi, pima ukinzani wa sensa yenyewe asubuhi injini ikiwa imepoa. Ikikupa omu elfu mbili na kitu, haina kesi ya kujibu. Fungua swichi, pima kwenye waya uliochomoa: volti 5 zipo? Zipo kwenye waya wa kwanza lakini mita ikishikizwa kwenye waya wa pili badala ya bodi hazionekani? Basi erthi ndiyo imekatika, na utaitafuta kwa kufuata waya, jambo linalogharimu muda na mkanda wa kuungia, bila kununua spea yoyote. Ishara nyingine iko kwenye tabia ya gari lenyewe. Kompyuta ikishaiandika 22 huwa inaacha kuisikiliza sensa na kujifanya maji yana nyuzi 80. Mchana, injini ikiwa moto, hutaona tofauti. Alfajiri, injini ikiwa baridi, inanyimwa mafuta ya ziada inayoyahitaji na inagoma kuwaka. Dereva atakuapia kwamba betri ni mbovu au plagi zimechoka. Wote wawili, dereva na taa, wanasema kweli, kila mmoja kwa kipande chake.

Mfano wa karibu haupo mbali na geti la hospitali. Kwa miaka mingi katika nchi zetu mtoto akichemka alipewa dawa ya malaria, kwa sababu malaria ilikuwa nyingi na kubahatisha kulipatia mara kwa mara. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa, mdogo kwa mkubwa, apimwe kwanza, na kile kipimo cha tone la damu kidoleni kikafika hadi zahanati. Hakuna aliyesema homa ni uongo. Kilichobadilika ni nafasi yake: imekuwa sababu ya kupima, haikubaki kuwa sababu ya kutibu. Namba ya injini inastahili nafasi hiyohiyo, na ukiipa zaidi ya hapo unakuwa umepiga ramli kwa kutumia taa.

Na kama ilivyo kwa homa, kuna wagonjwa wasiochemka. Kompyuta za magari haya hutambua waya uliokatika au uliogusana. Nyingi hazina njia ya kumtambua mwongo mwenye adabu. Sensa ya joto iliyozeeka ikidai maji yana nyuzi 40 wakati yana 85, volti yake bado iko ndani ya mipaka inayokubalika, kwa hiyo taa haiwaki na kumbukumbu ni safi. Injini inaendelea kumwagiwa mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imeamka, eksozi inatoa moshi mweusi, plagi zinapakaa masizi, na tangi linaisha kabla ya safari. Nje ya sensa kuna utamaduni wetu wa kung'oa themostati, ambao kwa maoni yangu umeteketeza petroli nyingi kuliko sensa zote mbovu za Kanda ya Ziwa. Gari likichemsha mara moja, themostati inatupwa, na dereva anafurahi kuona mshale wa joto umelala chini. Umelala chini kwa sababu injini haifiki joto lake la kazi, hasa kwenye mwendo mrefu wa lami na upepo wa mbele. Sensa hapo inasema kweli tupu: maji ni ya uvuguvugu. Kompyuta inatii na kuongeza mafuta. Fundi anayesubiri namba ndipo aamini kuna tatizo atasubiri sana.

Kuna upande wa pili unaochekesha kidogo: namba zinazoandikwa kwa kosa la binadamu. Toyota za aina hii zikisomwa huku AC imewashwa, au mguu uko kwenye pedali, au gia imeingia, hutoa 51, na watu wamebadilishiwa swichi ya throto kwa ajili hiyo. Namba 43 ina maana kwamba injini ilifika mzunguko wa kuwaka bila kompyuta kupata ishara ya stata. Sasa fikiria gari lenye betri dhaifu, linalowashwa kwa kusukumwa na abiria wanne kila asubuhi. Stata haijaguswa, injini imewaka, kompyuta inaandika ilichokiona. Namba ni sahihi kabisa na hakuna kilichoharibika upande wa sensa. Kompyuta imewaandika abiria waliosukuma. Anayeijua historia ya gari ataicheka. Asiyeijua atafungua stata. Ndiyo maana maswali kwa dereva, kama lilisukumwa, lilioshwa injini lini, redio ilifungwa na nani, yana uzito sawa na waya wa TE1, na fundi anayeuliza sana asidhaniwe kuwa hajui kazi.

Mahali penyewe pana neno lake pia. Vitabu vya ufundi vimeandikwa kwa usawa wa bahari, na sisi tuko kando ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi: mgandamizo wake ni kama kilopaskali 88 badala ya 101. Injini nyingi za familia hizi, 5A-FE ya Corolla na 3S-FE ya Noah za zamani zikiwemo, hazipimi wingi wa hewa moja kwa moja. Zinapima mgandamizo ndani ya manifoldi, njia iliyoingizwa sokoni na Bosch mwaka 1967 kwa mfumo wa D-Jetronic uliofungwa kwenye Volkswagen, ile D ikiwa ya neno la Kijerumani la mgandamizo. Swichi ikiwa wazi na injini imezima, sensa hiyo inasoma hewa ya nje tu. Kwa hiyo Lamadi au Bariadi itatoa volti iliyo chini ya ile ya kitabu, na fundi mwangalifu, yule aliyejisumbua kutafuta kitabu, ndiye atakayeihukumu sensa nzima kuwa mbovu. Njia rahisi ya kutoka hapo ni kuilinganisha na gari lingine la injini hiyohiyo lililoegeshwa hatua kumi pembeni. Hapo mjini magari ya aina moja hayakosekani.

Sensa inayosingiziwa kuliko zote ni ya oksijeni, ile iliyofungwa kwenye bomba la eksozi, namba 21. Haki itendeke: mafundi wa zamani walikuwa na sababu ya kuidharau. Petroli yenye risasi iliua sensa hizo, na nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara ziliyaacha mafuta hayo kufikia Januari 2006 tu, baada ya makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001. Gari lililotoka Japani kabla ya hapo na sensa hai liliweza kuipoteza baada ya matangi machache. Aliyeikata waya hakukosa kitu. Baada ya risasi ukaja uchakachuaji, petroli ikachanganywa na mafuta ya taa, hadi EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuchanganya kusilipe. Mazoea ya kipindi hicho yamebaki, sababu zake zimeondoka. Leo sensa ya oksijeni inaweza kuishi miaka, na inapolalamika mara nyingi inaripoti jambo la kweli lililo mbali nayo: eksozi imetoboka mbele yake na kuvuta hewa, nozeli inavuja, mgandamizo wa mafuta umeshuka kwa sababu filta haijawahi kubadilishwa, plagi moja haichomi na oksijeni yake inatoka bila kutumika. Injini ikipata moto vizuri na kushikiliwa kwenye mzunguko wa 2,500 kwa dakika mbili, sensa nzima hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde kumi. Ikigota chini, ongeza mafuta kidogo kwenye mchanganyiko, uone kama inaamka. Ikiamka, iombe radhi, kisha utafute inacholalamikia.

Fundi mwenye njaa ya kazi atajibu kwamba haya yote ni mazuri darasani, lakini yeye ana lundo la spea za mtumba, anachomeka sensa nyingine, gari linapona, mteja anaondoka. Hoja hii ina nguvu, na kubadilishana na kitu kinachojulikana kuwa kizima ni kipimo halali. Shida ni maneno "kinachojulikana kuwa kizima". Sensa iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa haijulikani lolote mpaka ipimwe kwa mita ileile aliyoikwepa. Na hapo kuna mtego mkubwa zaidi. Ili kubadilisha sensa, fundi anatoa waya wa betri au fyuzi ya EFI, na kumbukumbu yote inafutika. Baadhi ya namba, 21 ikiwa mojawapo kwenye Toyota nyingi, hazirudi mpaka hitilafu ionekane katika safari mbili. Mteja anaendesha hadi Bariadi taa imezima, anampigia fundi kumshukuru. Taa inawaka kesho yake njiani kurudi, na kwa sababu fundi alisifiwa jana, anayelaumiwa leo ni sensa ya mtumba, au petroli, au Mchina aliyeitengeneza. Mzunguko unaanza upya na sensa ya tatu. Kupona kwa aina hii kumeharibu fikra za gereji nyingi kuliko ujinga wowote, maana mjinga angalau anajua hajapata jibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na haliwahusu mafundi peke yao. Mteja wetu analipia kitu anachokishika. Ukimwonyesha sensa mpya ndani ya kasha atatoa pesa. Ukimwambia nimetumia saa moja na mita nikagundua waya mmoja umekatika, nimeuunga, atauliza saa moja inauzwaje. Fundi aliyepima vizuri anapata posho ndogo kuliko aliyekosea na kuuza spea tatu. Katika soko la namna hiyo, kubahatisha ni biashara yenye akili. Siwezi kuwalaumu vijana wa gereji bubu kwa kufuata pesa ilikoelekea. Ila hesabu ya mwenye gari ni tofauti na ya fundi, na ni yeye mwenye mamlaka ya kuibadilisha: bei ya kupima ikubaliwe kabla boneti haijafunguliwa, ilipwe hata kama hakuna kilichonunuliwa. Tunamlipa daktari kumwona hata akitupima na kutuambia tukapumzike. Wapo mafundi ambao hawajawahi kukaa darasani na bado wanapima kwa ufasaha, na VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini ili watu wa aina hiyo wapate cheti. Cheti hicho kina maana pale tu mteja atakapokuwa tayari kulipia akili kama anavyolipia chuma.

Wengine watasema gari la miaka 25 halihitaji ustaarabu huu. Toa balbu ya taa, maisha yaendelee. Na balbu zinatolewa kweli. Anayenunua gari la mkononi afungue swichi kabla ya kuwasha injini na kuitafuta taa ya njano: ni lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima kwa mkono wake, na alikuwa na sababu. Hoja ya uzee nayo naiona imegeuzwa kichwa chini. Gari jipya lina sensa lukuki na mitandao ya ndani ambayo bila mashine ya gharama huwezi kuigusa. Hili la zamani lina sensa chache, kila moja na nyaya mbili au tatu, volti 5, na kiboksi kinachozungumza kwa kupepesa. Ni gari la mwisho ambalo kijana wa Mkula mwenye mita, waya na daftari anaweza kulielewa lote, kutoka tangi hadi eksozi. Kulirudisha kwenye kabureta, kama wanavyofanya wengine wakichoka, ni kutupa kitu kinachopimika na kuchukua kisichopimika.

Basi taa yako ikiwaka, usianzie dukani. Mwombe fundi aandike kwenye karatasi vitu viwili, namba iliyosomwa na kipimo cha mita kilichothibitisha kwamba spea anayoitaka ndiyo mbovu. Akikupa cha kwanza bila cha pili, pesa ibaki mfukoni.